Kulisha pilipili kichaa ili iwe kali na nzito: mwongozo kamili kwa mashamba ya Lindi na Mtwara

Mnunuzi wa pilipili kichaa hahitaji mashine. Anachukua moja kutoka kwenye kiroba, anaipasua kwa kucha, anagusisha ncha ya ulimi kwenye utando wa ndani, kisha anakitikisa kiroba asikilize. Pilipili yenye nyama, iliyokauka sawasawa, inalia kama njuga. Nyepesi inalia kama makapi ya mpunga. Mwaka wangu wa pili bondeni Mingoyo, kiroba changu kililia kama makapi, na mnunuzi akakirudisha chini bila kutaja bei.

Shamba lenyewe lilikuwa limependeza. Miche ilinifika kifuani, majani ya kijani kizito, wapita njia wakisimama kuisifu. Nilikuwa nimeipa urea, mbolea ya naitrojeni, mara tatu, na mara ya mwisho maua yalikuwa yamekwisha kufunguka. Wiki moja baadaye maua yakapukutika. Matunda yaliyosalia yakanenepa yakiwa na ngozi laini, yakachelewa kuiva, na mengi yakaozea juu ya chanja kabla hayajakauka. Msimu ule ndipo nilipokubali kwamba pilipili hailishwi kama mchicha. Haya ninayoeleza ndiyo ninayoyafuata tangu hapo, bondeni Mingoyo na kwenye shamba la familia kule Tandahimba, katikati ya mikorosho.

Ukali unatoka wapi

Kinachowasha kinaitwa kapsaisini. Kinatengenezwa na ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu zenyewe hazikitengenezi. Zinawasha kwa sababu zimegusana na utando. Mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni mwaka 1912 njia ya kupima ukali kwa kuizimua pilipili katika maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie tena muwasho, na kipimo hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Hoho ina sifuri. Pilipili kichaa kwa kawaida iko kati ya 50,000 na 100,000, na pilipili za jamii ya habanero, ambazo wengi wetu tunaziita pilipili mbuzi, huanzia 100,000 na kufika 350,000.

Mipaka hiyo imewekwa na aina ya mbegu uliyopanda. Hakuna mbolea ya kuifanya hoho iwashe. Lishe inachofanya ni kuamua kama mmea utafika kwenye mpaka wake au utaishia njiani, na hapa ndipo naitrojeni inapoingia pande zote mbili. Kapsaisini ina naitrojeni ndani yake; mmea huitengeneza kutokana na asidi amino, na asidi amino hazipatikani bila naitrojeni. Kwa hiyo mche wenye njaa, wa manjano, hutoa pilipili chache na mara nyingi zilizopoa. Mche uliovimbiwa nao hupeleka nguvu kwenye majani na matawi, huchelewa kuchanua, na matunda yake hujaa maji.

Jambo moja nalisikia sana huku kwetu: kwamba salfa inaongeza ukali. Nadhani limetoka kwenye vitunguu, kwa sababu ukali wa kitunguu na kitunguu saumu kweli unatokana na salfa. Wa pilipili hautokani nayo. Kapsaisini haina hata chembe ya salfa. Mmea unahitaji salfa kidogo kwa ukuaji wake, kama mazao yote, lakini kuipuliza kwenye pilipili ukitegemea iwashe zaidi ni kupoteza fedha. Na kwa udongo wetu, salfa ina deni lake, ambalo nalieleza sasa hivi.

Hatua ya kwanza: ujue udongo kabla ya kununua mfuko wowote

Hapa nakaa muda mrefu kwa makusudi, maana makosa mengi ya mbolea ni makosa ya udongo.

Pilipili inapenda udongo wenye pH kati ya 6 na 6.8 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, udongo ni mchachu zaidi). Uwanda wa Makonde, yaani Newala na Tandahimba, una mchanga mwekundu wenye kina kirefu, unaopitisha maji upesi na kushika chakula kidogo. Juu ya hapo tumepuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kwa miaka mingi ili kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Unga unaodondoka chini hugeuzwa na bakteria kuwa asidi, na watafiti waliopima udongo chini ya mikorosho ya kusini waliona kweli umepanda uchachu. Kwenye udongo mchachu sana, alumini huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, fosforasi hufungwa, kalsiamu na magnesi husombwa. Unaweza kuweka DAP, mbolea ya fosforasi na naitrojeni, ya bei mbaya na mche usione kitu.

Kwa hiyo, ukitaka kupanda pilipili kati ya mikorosho au kwenye shamba lililong'olewa mikorosho, chukua sampuli mbili tofauti: moja chini ya vivuli vya miti, nyingine mahali pa wazi. Chimba sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, anika kivulini, beba nusu kilo. Nenda TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya mji wa Mtwara, uulizie upimaji na ushauri. Maabara za udongo zipo pia TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Gharama ya kipimo ni ndogo kuliko mfuko mmoja wa mbolea uliotupwa.

Majibu yakionyesha pH chini ya 5.5, tumia chokaa ya kilimo. Kwa mchanga mwepesi kilo 400 kwa eka ni kiasi kizuri cha kuanzia, ikichanganywa na udongo mwezi mmoja au miwili kabla ya kupandikiza. Ukipata ile yenye magnesi ndani yake, dolomaiti, ichague hiyo, kwa kuwa mchanga wetu ni maskini wa magnesi. Chokaa ya kupaka nyumba usiitumie kwa kubahatisha, ina nguvu zaidi na inaunguza.

Ukanda wa pwani wenye mawe ya matumbawe, kama sehemu za Kilwa na Mikindani, una tatizo la upande wa pili. Dondoshea siki kwenye udongo mkavu: ukitoa povu, tayari una chokaa ya kutosha. Hapo usiweke chokaa wala majivu. Weka samadi nyingi, na mbolea ya kukuzia iwe SA (salfeti ya amonia), ambayo hushusha pH taratibu. Ukiona majani machanga yanakuwa ya manjano huku mishipa imebaki kijani, ni madini ya chuma yamefungwa. Mbolea ya majani yenye chuma inasaidia haraka kuliko ya kuweka ardhini.

Mabonde ya Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma yana udongo wa mfinyanzi unaoshika chakula vizuri lakini hutuamisha maji. Huko inua matuta ya sentimita 30. Mizizi iliyolowa siku tatu haili chochote, hata uwekee nini.

Samadi, majivu na vitu vya kwetu

Kusini hatukuwa na ng'ombe wengi zamani kwa sababu ya mbung'o. Siku hizi wafugaji wapo Lindi na samadi inapatikana ukikodi gari na wenzako. Samadi ya mbuzi ni nzuri sana. Ya kuku ina naitrojeni nyingi, tumia nusu ya kipimo. Yote iive kwanza, miezi mitatu kwenye lundo lenye unyevu, mpaka iwe haina harufu na haina joto.

Majani ya mbaazi, kunde na choroko yalimwe ndani ya udongo badala ya kuchomwa. Ukipanda pilipili baada ya mbaazi, punguza mbolea ya kukuzia ya kwanza kwa theluthi moja. Majivu, hasa ya makumbi ya nazi, ni hazina ya potashi, yaani potasiamu, na tunayatupa kila siku: kiganja kimoja kwa kila shimo, kwenye udongo mchachu tu. Ila majivu na DAP, urea au SA visikutane siku moja, maana majivu huifanya naitrojeni yake ipae hewani. Harufu kali ya amonia ndiyo fedha yako inayoondoka. Acha wiki mbili katikati.

Hatua ya pili: mbegu, kitalu na wakati

Nunua mbegu inayojulikana au chagua matunda kutoka kwenye mche wako bora. Hoho jirani haitapoza pilipili yako ya mwaka huu, kwa sababu utando ni sehemu ya mmea mama, lakini mbegu utakayoikamua inaweza kuwa imechanganyika na kukuangusha mwaka ujao. Miche inakaa kitaluni wiki 6 hadi 8, na humo inahitaji samadi iliyochekechwa tu.

Kuhusu wakati: mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili. Uwandani pandikiza mvua zikishakaza, Desemba mwishoni au Januari, na uvunaji mkubwa utaangukia kiangazi chenye jua la kukaushia. Mabondeni ninapandikiza Mei maji yakishashuka, maua yanakuja wakati wa baridi ya kusi. Usiku wa joto la pwani hudondosha maua ya pilipili hata kama umeilisha vizuri, na watu wengi huilaumu mbolea kwa kosa la mwezi.

Hatua ya tatu: shimo

Nafasi ninayotumia ni sentimita 90 kwa 60, takriban miche 7,400 kwa eka. Kila shimo linapata kopo la lita 2 la samadi iliyoiva na gramu 5 za DAP, ambazo ni kifuniko kimoja cha soda kilichosawazishwa. Changanya na udongo, funika kwa udongo mtupu vidole viwili, ndipo uweke mche. Kwa eka nzima hiyo ni kama kilo 37 za DAP, pungufu ya mfuko mmoja. Fosforasi yake inajenga mizizi, na mizizi ndiyo itakayonywa kila utakachoweka baadaye. Kwenye udongo mchachu, mbolea ya fosfeti ya Minjingu inafanya kazi hiyo vizuri na inaleta kalsiamu pamoja nayo.

Kama samadi haitoshi eka nzima, lima robo eka. Nasema hivi kwa dhati: mchanga wa Tandahimba bila samadi ni chujio, mvua moja kubwa inapita na mbolea yote.

Hatua ya nne: kukuzia, kabla ya maua

Wiki ya tatu baada ya kupandikiza, toa gramu 5 za CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) kwa mche. Chimba kijifereji umbali wa sentimita 10 kutoka kwenye shina, weka, fukia. Mbolea iliyoachwa juu ya mchanga inaliwa na jua. Kwenye mchanga gawa hizo gramu 5 mara mbili, wiki ya tatu na ya tano. Urea ukilazimika kuitumia, kumbuka ina asilimia 46 ya naitrojeni na CAN ina karibu 27, kwa hiyo gramu 3 zinatosha, na lazima ifukiwe.

Mche unaokwenda sawa una kijani cha kung'aa, na matawi yanagawanyika mawili mawili. Ukiona majani yamekuwa mapana kupita kawaida, kijani chake kimeelekea weusi, na shina linavunjika kwa urahisi, acha kabisa naitrojeni mpaka uone maua.

Hatua ya tano: maua yakianza, badili chakula

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha kiroba changu.

Vikonyo vya maua vikitokeza, mmea unataka potashi na kalsiamu zaidi, na naitrojeni kidogo ya kuutunza. Potashi husafirisha sukari kutoka kwenye majani hadi kwenye tunda: ndiyo inayotoa uzito, ngozi nene, wekundu uliokolea na tunda lisilonywea ovyo kwenye kukausha. Kuhusu ukali wenyewe, majaribio ya wataalamu juu ya potashi hayajakubaliana. Naitrojeni iliyopimwa ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Mimi naiweka potashi kwa ajili ya ule mlio wa njuga.

Ninatoa gramu 5 za salfeti ya potasiamu kwa mche maua ya kwanza yanapofunguka, na gramu 5 nyingine matunda yakifikia urefu wa kucha. Ile ya kloraidi ina bei nafuu zaidi na uwandani inafaa, lakini karibu na bahari usiiguse, kwa kuwa pilipili haivumilii chumvi na wewe unaiongezea. Kwa sababu hiyo hiyo, mwani wa pwani uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa kabla ya kuingia kwenye lundo la mboji.

Kati ya mara hizo mbili, baada ya siku 7 hadi 10, toa kalsiamu naitreti: gramu 5 kwa lita 1 ya maji, nusu lita kwa mche, kisha urudie baada ya wiki mbili. Inaleta naitrojeni kidogo iliyo tayari na kalsiamu inayozuia kuoza kitako, lile doa jeusi lililodidimia kwenye ncha ya tunda. Usiichanganye na salfeti ya potasiamu wala DAP kwenye ndoo moja. Vinagandana na kuwa mashapo meupe chini ya ndoo, na mmea haupati kimoja wala kingine. Mwenye bajeti ndogo anaweza kufukia jasi, ambayo inachimbwa hapa hapa Kilwa. Inaleta kalsiamu bila kubadilisha pH.

Boroni husaidia maua kushika, hasa kwenye mchanga. Gramu 1 ya boraksi kwa lita 1 ya maji, nyunyiza mara moja vikonyo vinapoanza, basi. Kati ya boroni ya kutosha na boroni ya sumu pana hatua fupi sana.

Maji ndiyo kijiko cha kulishia

Kalsiamu hupanda na maji kutoka kwenye mizizi. Ukimwagilia leo kwa mafuriko na kuacha siku sita, tunda litaoza kitako hata udongo ukiwa umejaa kalsiamu. Mwagilia kidogo na mara kwa mara, asubuhi, na funika ardhi kwa nyasi kavu au majani ya mkorosho.

Ni kweli kwamba kiu huongeza ukali, na kwenye aina za ukali wa wastani tofauti inasikika. Kwenye pilipili kichaa, ambayo tayari ni kali, unachopata ni kidogo na unalipia kwa mavuno. Ninachofanya ni kupunguza maji kwa theluthi siku 5 kabla ya kuchuma. Inatosha, na matunda hukauka upesi zaidi.

Kusoma majani

Anza kwa kuuliza: ni majani ya chini au ya juu? Jani zee likiwa la manjano lote, ni naitrojeni. Likiwa la manjano katikati ya mishipa, ni magnesi. Nyunyiza salfeti ya magnesi, gramu 10 kwa lita, mara mbili kwa tofauti ya siku kumi. Jani zee lililoungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni linadai potashi. Mche mfupi wenye rangi ya zambarau unadai fosforasi, au udongo ni mchachu.

Majani machanga yaliyojikunja na kukunjamana yachunguze kwanza kwa chini. Utitiri na vithiripi hufanya hivyo, na virusi pia, na nimeona watu wakimwaga mbolea wiki hadi wiki kwenye mche ambao shida yake ni wadudu.

Kuchuma na kuupima ukali mwenyewe

Kapsaisini huanza kujengeka wiki mbili au tatu baada ya ua na hufika kileleni karibu siku ya 40 hadi 50. Chuma tunda likiwa jekundu lote. La kijani bado halijafika, na lililoachwa mtini mpaka likanyauka laweza kuwa limeanza kupoa. Kausha juu ya chanja, siyo chini, kwa tabaka moja, ukiifunika kwa turubai usiku kuzuia umande. Inapovunjika kwa mlio, iko tayari.

Sasa jaribu lako. Kila msimu acha mistari miwili uilishe tofauti na shamba zima. Funga uzi kwenye maua yaliyofunguka siku moja pande zote mbili, ili baadaye ulinganishe matunda ya umri mmoja. Yakaushe, yasage kila upande peke yake. Pika uji wa mchele usio na kitu, weka kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa cha unga wa pilipili kwenye lita 1 ya uji, koroga, acha nusu saa. Chota kikombe kimoja, ongeza kikombe cha uji mtupu, onja. Endelea kuugawa hivyo hivyo mpaka muwasho upotee, ukihesabu mara ngapi umeugawa. Onjeni watu watatu, kila mmoja akipumzisha mdomo dakika kumi. Upande uliogawanywa mara nyingi zaidi ndio mkali zaidi, na kila mgawanyo mmoja wa ziada maana yake ni ukali mara mbili. Mistari yangu ya urea ilipotea mgawanyo mmoja kamili kabla ya ile ya hatua ya tano. Andika kwenye daftari pamoja na uzito wa debe la pilipili kavu.

Baada ya mchumo mkubwa wa kwanza usiuache mche ukiwa na njaa, maana pilipili kichaa ikitunzwa inazaa zaidi ya mwaka mmoja. Kata matawi yaliyochoka, weka kopo la samadi, gramu 5 za CAN, mwagilia. Maua mapya yakitokeza, rudi kwenye potashi na kalsiamu kama mwanzo.